Kidato cha Kwanza na Safari ya Kwenda Chuo: Somo kwa Wazazi na Walezi

Katika toleo hili tumechagua somo lililotokana na maswali ya wazazi wenyewe. Tunawaomba mlisome pamoja na watoto wenu walioko sekondari, na kama mna kikundi cha wazazi au cha kuweka na kukopa, mlijadili kwa maswali tuliyoyaweka mwishoni.

Swali la mama mmoja

Siku moja ya soko tulikuwa tumeketi na akina mama wanaouza ndizi Kwa Sadala, tukizungumzia maendeleo ya watoto shuleni. Mama mmoja alituuliza hivi: "Walimu wangu, hizi alama za kidato cha kwanza zinakwenda wapi? Mtihani wenye cheti si ule wa kidato cha nne? Sasa mtoto akianguka kidato cha kwanza, kuna ubaya gani?"

Wenzake wengi waliitikia kwa kichwa. Lakini mama mwingine, aliyekuwa amekaa kimya na mikungu yake, alisema, "Ndivyo nilivyodhani na mimi." Akatusimulia habari za binti yake. Tunaieleza hapa kwa ruhusa yake bila kutaja majina.

Binti huyo alikuwa na hamu ya kuwa muuguzi tangu akiwa mdogo. Alimaliza darasa la saba vizuri, akaingia sekondari. Mwisho wa kidato cha kwanza alileta ripoti nyumbani: Kiswahili 71, Hisabati 18, Fizikia 21, Kemia 27. Mama aliikunja ile ripoti akaiweka chini ya godoro. Alimwambia mwanawe, "Bado ni mapema, utajitahidi mbele." Kidato cha pili alivuka, ila masomo ya sayansi yalibaki vilevile. Alipoingia kidato cha tatu akapangwa mchepuo wa sanaa, akaacha Fizikia na Kemia. Nyumbani hakuna aliyeuliza maana yake.

Kidato cha nne alipata daraja la pili. Nyumbani palikuwa na furaha kubwa, na mbuzi alichinjwa. Furaha hiyo ilidumu mpaka siku walipochukua fomu ya chuo cha uuguzi na kusoma masharti ya kujiunga: ufaulu katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Baiolojia alikuwa nayo. Kemia na Fizikia hakuwa nazo kabisa, kwa sababu hakuzifanyia mtihani.

"Tulikuwa na daraja la pili mkononi," alisema yule mama, "na mlango umefungwa."

Ndugu msomaji, swali la yule mama wa kwanza ni la haki, na linastahili jibu la kweli. Hebu tulitazame kwa utaratibu.

Je, alama za kidato cha kwanza zinahesabiwa?

Jibu la moja kwa moja ni hapana. Cheti cha kidato cha nne kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania hakina alama za kidato cha kwanza. Matokeo ya mwisho yanatokana kwa sehemu kubwa na mtihani wenyewe, pamoja na sehemu ndogo ya upimaji endelevu, ambao unaanzia kwenye upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili na kuendelea. Alama za kidato cha kwanza hazimo.

Tukipanda juu zaidi hali ni hiyo hiyo. Wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano wanachaguliwa kwa matokeo ya kidato cha nne. Wanaojiunga na vyuo vikuu kutoka kidato cha sita wanatazamwa matokeo ya kidato cha sita, na mara nyingi ya kidato cha nne pia. Hakuna afisa wa udahili wa chuo kikuu hapa nchini atakayemwomba mwanao ripoti ya muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza.

Kwa hiyo mzazi anayesema "alama hizi haziendi popote" anasema kweli kwa upande mmoja. Kosa linaanza pale tunapodhani kwamba kwa kuwa alama hazihesabiwi, basi mwaka wenyewe hauna uzito. Alama za kidato cha kwanza zinabaki shuleni, lakini mambo matatu yanaondoka na mtoto kutoka mwaka ule, nayo yanamfuata hadi mlango wa chuo.

Jambo la kwanza: lugha

Watoto wetu wengi wamesoma shule za msingi za serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo linageuka kuwa Kiingereza: Hisabati, Jiografia, Baiolojia, Kemia. Mtoto aliyekuwa akijua vizuri kueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, sasa anakaa kimya darasani. Mmea anaujua, ila lugha ya kuuelezea hana.

Shule huwapa wanafunzi wapya kozi ya awali ya kuwavusha lugha. Kozi hiyo ni ya wiki chache, na mtoto anayechelewa kuripoti kwa sababu ya sare au madaftari huikosa. Tumeona familia zinazosubiri kuuza kahawa au ng'ombe ndipo mtoto aende shule, na mtoto anafika mwezi wa tatu wakati wenzake wameshaizoea lugha ya darasani. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na walimu wengi wakuu hukubali mtoto aanze huku mzazi akiendelea kutafuta sare. Ni heri mtoto aende na sare ya shule ya msingi kuliko kukaa nyumbani akingoja.

Asiyeivuka lugha kidato cha kwanza hujifunza kukariri. Anakariri maneno ya ubaoni bila kuyaelewa, na kwa kuwa mitihani ya darasani mara nyingine hurudia maneno yale yale, anaweza kupita. Ila mtihani wa taifa huuliza kwa namna nyingine, na hapo ndipo kukariri kunapomwacha.

Jambo la pili: masomo yanayopandana kama ngazi

Kuna masomo ambayo mada moja haitegemei sana nyingine. Mtoto asiyeelewa habari za biashara ya zamani ya Pwani anaweza bado kuelewa habari za ukoloni. Lakini Hisabati, Fizikia na Kemia haziko hivyo. Hizi ni ngazi.

Kwa mtaala ambao wengi wa watoto wetu wamepitia, Hisabati ya kidato cha kwanza ina sehemu, desimali, asilimia, uwiano na aljebra ya mwanzo. Kidato cha pili kinaleta logi, milinganyo migumu zaidi na trigonometria. Asiyeweza kutatua mlinganyo mwepesi wa kidato cha kwanza atakwama kwenye logi, na atakwama tena kwenye Fizikia kila anapotakiwa kugeuza kanuni ili atafute nguvu au kasi. Vivyo hivyo Kemia: asiyeelewa atomi na fomula mwaka wa pili hataweza hesabu za moli mwaka wa tatu.

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne nchini. Ukimuuliza mwalimu wa kidato cha nne tatizo liko wapi, mara nyingi atakuonyesha makosa ya sehemu na desimali. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Hisabati unaonekana kidato cha kwanza, tena unazibika kwa gharama ndogo.

Jambo la tatu: mchepuo

Hili ndilo lililomkuta binti wa yule mama, na ndilo wazazi wengi hawalijui.

Kwa utaratibu uliozoeleka, wanafunzi wote husoma Fizikia na Kemia kidato cha kwanza na cha pili. Wakiingia kidato cha tatu, masomo hayo mawili yanakuwa ya kuchagua. Shule nyingi hugawa wanafunzi katika michepuo kwa kutazama alama zao za miaka miwili ya mwanzo. Mwenye 20 ya Fizikia hashauriwi kuendelea nayo, na walimu wana sababu zao: hawataki mtoto apate F itakayomharibia matokeo. Uamuzi huo hufanyika kwa siku moja au mbili, mara nyingi bila mzazi kuitwa, na mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita anakubali kwa furaha kwa sababu ametua mzigo.

Mtaala mpya, ulioanza kuingizwa hatua kwa hatua mwaka 2024, unaleta uamuzi huu mapema zaidi. Sasa kuna mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa mafunzo ya amali, na ndani yake kuna masomo ya lazima na masomo ya kuchagua. Hatusemi kwamba mkondo wa amali ni mbaya. Fundi mzuri wa umeme Moshi mjini hakosi kazi. Tunasema tu kwamba mzazi asisubiri kidato cha tatu ndipo aulize. Nenda shuleni mwanzoni kabisa mwa kidato cha kwanza, muulize mwalimu wa taaluma: mwanangu yuko kwenye mkondo upi, anasoma masomo gani, na lipi ameliacha?

Tuhesabu pamoja

Ili jambo hili lieleweke, tuwatazame watoto wawili waliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa mtaala uliozoeleka. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ikiwa ndogo, matokeo ni mazuri: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Mtoto wa kwanza: Kiswahili B, Historia B, Uraia C, Jiografia C, Kiingereza C, Baiolojia C, Fasihi ya Kiingereza C. Jumla ni 19, yaani daraja la pili. Hisabati alipata F, lakini haikuingia katika saba bora.

Mtoto wa pili: Kiswahili B, Kemia C, Baiolojia C, Jiografia C, Kiingereza C, Fizikia D, Historia D. Jumla ni 22, yaani daraja la tatu.

Mtaani tutamsifu wa kwanza. Ni haki yake, amefanya vizuri, na anaweza kwenda kidato cha tano kwa tahasusi za sanaa kama HGL au HKL, kisha akasomea sheria, ualimu au ustawi wa jamii. Lakini kama lengo lake lilikuwa uuguzi au utabibu, mtoto wa pili ndiye mwenye fomu halali mkononi. Yeye anaweza kuomba stashahada za afya, kwa sababu vyuo hivyo huhitaji angalau ufaulu wa D katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Tena anazo C tatu za Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa hiyo anaweza kuomba tahasusi ya CBG kidato cha tano.

Maana yake ni kwamba daraja peke yake halifungui mlango. Chuo hutazama pia masomo yaliyomo ndani ya daraja, na masomo hayo huanza kuchaguliwa miaka miwili kabla ya mtihani, kwa alama zile zilizowekwa chini ya godoro.

Chuo kikuu ni vivyo hivyo. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka kiwango cha chini cha ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha kuingilia tu. Kozi zenye ushindani zina masharti yake juu ya hapo. Anayetaka udaktari wa binadamu, iwe Muhimbili au hapa kwetu KCMC, lazima awe na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Anayetaka uhandisi lazima awe na Hisabati na Fizikia za kidato cha sita. Nafasi ni chache kuliko waombaji, kwa hiyo wenye kiwango cha chini huachwa hata kama wametimiza masharti. Na hakuna anayesoma PCB au PCM kidato cha tano kama aliacha Fizikia kidato cha tatu.

Na wanaotazama vyuo vya nje?

Baadhi ya vijana wetu huomba ufadhili wa kusoma nje ya nchi, hasa Marekani. Huko mambo ni tofauti kidogo, na ni vizuri tuyajue.

Vyuo vya Marekani havitazami mtihani mmoja wa mwisho. Huomba orodha ya masomo yote na alama zote za miaka ya sekondari. Shule zao za sekondari za juu huanza mwaka wa tisa wa masomo, ambao kwa hesabu yetu ya miaka saba ya shule ya msingi ni sawa na kidato cha pili. Vyuo vingi huziona alama za mwaka huo wa kwanza, ingawa vinatazama zaidi kama mwanafunzi anapanda au anashuka mwaka hadi mwaka.

Chuo Kikuu cha California kina utaratibu unaofundisha. Kinapopiga wastani wa mwombaji, hakihesabu alama za mwaka wa tisa. Kinatumia alama za mwaka wa kumi na wa kumi na moja. Lakini masomo aliyosoma mwaka wa tisa yanahesabiwa katika orodha ya masomo ambayo ni lazima awe ameyafaulu ili akubaliwe. Mtoto wa huko aliyeanza Hisabati vibaya hachekwi kwa alama, ila anajikuta hana miaka ya kutosha kufikia Hisabati ya juu ambayo kozi za uhandisi zinaitaka. Kumbe hata huko ng'ambo hadithi ni ile ile: alama za mwaka wa kwanza zinaweza kusamehewa, lakini somo lililoachwa linabaki pengo.

Ushauri wetu hapa ni mwepesi. Nunua faili moja la plastiki. Weka humo kila ripoti ya mtoto kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tumewahi kumwona kijana aliyetakiwa apeleke rekodi zake za miaka ya nyuma ndani ya siku chache, akazunguka shule mbili bila kuzipata zote.

Mzazi afanye nini?

Wazazi wa Kwa Sadala walituambia, "Sisi wengine tuliishia darasa la saba, tutamsaidiaje mtoto Fizikia?" Jibu ni kwamba huhitaji kuijua Fizikia. Haya yafuatayo yanawezekana kwa kila nyumba.

1. Mtoto aripoti siku ya kwanza. Wiki za mwanzo ndizo za kuvuka lugha.

2. Soma ripoti pamoja na mtoto, siku ile ile inapofika. Usitazame nafasi peke yake. Mtoto anaweza kuwa wa 12 kati ya 60 na bado ana 20 ya Hisabati. Tazama alama ya kila somo, na chini ya 30 ujue hiyo ni F.

3. Nenda shuleni mara tatu kwa mwaka bila kuitwa. Mtafute mwalimu wa taaluma na mwalimu wa somo lililo chini. Uliza swali moja: "Ni mada gani mwanangu hajaielewa?" Mwalimu mwenye darasa kubwa hufurahi kuona mzazi anayeuliza hivyo badala ya kulalamika.

4. Linda siku ya soko. Tunasema hili kwa upole, kwa sababu tunajua ndizi ndizo zinazolipa sare. Lakini mtoto anayekosa shule siku moja kila wiki ili abebe mikungu, mwisho wa mwaka amekosa karibu sehemu moja ya tano ya masomo yote. Kama siku hiyo kulikuwa na vipindi viwili vya Hisabati, basi amekosa vyote mwaka mzima.

5. Gawa kazi za nyumbani kwa haki. Binti anayekata majani ya ng'ombe kihambani, kuchota maji na kupika, huku kaka yake akisoma, atafungua daftari saa nne usiku akiwa amechoka. Saa moja ya kusoma kabla ya chakula, yenye taa na meza, ina faida kuliko saa tatu za usingizini.

6. Tafuta msaada wa tuisheni mapema, tena kwa somo moja au mawili. Wazazi wengi huuza ng'ombe kulipia kambi ya kidato cha nne. Fedha kidogo kwa Hisabati ya kidato cha kwanza hufanya kazi kubwa zaidi. Wazazi watano wakiungana wanaweza kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha sita afundishe watoto wao likizo, kwenye jengo la ushirika au la kanisa.

7. Kabla ya kugawanywa michepuo, kaa na mtoto na mwalimu. Muulize mtoto anataka kuwa nani. Halafu muulize mwalimu masomo gani yanahitajika kwa kazi hiyo, hata kwa ngazi ya cheti na stashahada. Kama mtoto anaacha somo, aache akijua ni mlango gani anaufunga.

Na aliyeanza vibaya?

Hatutaki mzazi yeyote asome ukurasa huu akate tamaa, wala amchape mtoto kwa ajili ya ripoti. Kidato cha kwanza kibaya si mwisho wa safari. Kumbukeni tumesema alama zile hazimo kwenye cheti. Hiyo ni neema kwa mtoto: ana nafasi ya kukosea na kujisahihisha. Aliyepata 18 ya Hisabati Novemba, akitumia likizo ya Desemba kurudia sehemu, desimali na aljebra, anaweza kuingia kidato cha pili akiwa mtu mwingine. Na asiyefikia kiwango katika upimaji wa kidato cha pili hurudia mwaka. Inauma, lakini wapo waliorudia na kisha wakafika mbali.

Hata aliyekwisha maliza ana njia. Anaweza kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza pia kuanza na cheti, akapanda stashahada, kisha shahada. Njia hiyo ni ndefu, ila inafika.

Ndivyo alivyofanya yule binti. Alikaa miaka miwili akisoma Kemia na Fizikia kwenye kituo cha jioni Moshi mjini, akipanda basi dogo kila siku, na mama yake akilipa kwa ndizi. Alipofanya mtihani alipata D zote mbili. D mbili tu, lakini zilitosha kujaza fomu. Tulipozungumza na mama yake, alikuwa anangoja majibu ya chuo.

"Ningeisoma ile ripoti," alituambia, "ningeokoa miaka miwili ya mwanangu. Mdogo wake yuko kidato cha kwanza sasa. Yake nimeibandika ukutani."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ripoti ya mwisho ya mtoto wako iko wapi leo? Unakumbuka alama yake ya Hisabati?

2. Mtoto wako anasema anataka kuwa nani? Je, unajua masomo yanayohitajika, na anayasoma yote?

3. Katika mtaa wetu, watoto wangapi hukosa shule siku ya soko? Tunaweza kufanya nini kwa pamoja?

4. Je, mabinti na wavulana wa nyumba zetu wana muda sawa wa kusoma jioni?

5. Kuna kijana gani hapa kijijini, aliyemaliza kidato cha sita, anayeweza kuwafundisha wadogo zake Hisabati likizo ijayo?

Tutafurahi kupokea barua zenu na kujua kikundi chenu kilikubaliana nini.